Kadi ya Baharini Haifungui Pango

Kaskazi iliyopita, mtoto wa kaka yangu alimfuata kambakoche ndani ya tundu la mwamba kule Msimbati. Hakutaka kumvua, alitaka picha tu. Tundu lilikuwa pana mdomoni, watu wawili wangepita bega kwa bega, kisha likapinda kushoto. Mimi nilikuwa mita chache nyuma yake na wageni wawili. Nikaona mapezi yake yanapotea, halafu mchanga ukaanza kutoka pale alipoingilia kama moshi wa kuni mbichi. Nikahesabu. Nilipofika 35 akatoka kinyumenyume, mtungi unagonga dari, macho yamemtoka ndani ya miwani.

Jioni tumekaa barazani Mikindani tunakula mihogo, akaniuliza: "Shangazi, mimi si nina kadi ya advansi? Mita 30 naruhusiwa. Pale palikuwa na mita 11 tu. Kosa langu liko wapi?"

Swali la haki kabisa, na si yeye wa kwanza kuniuliza. Vijana wa kusini wanaofanya kazi ya kuongoza wazamiaji wanazidi kuongezeka, na kila mmoja ameona video za wale watu wanaoelea ndani ya mapango yenye maji meupe kama kioo. Wanataka kwenda. Wengine wameshaanza kuweka akiba. Basi haya ni maelekezo kwao, kutoka kwa mtu aliyeanza kwa kuokota pweza na bibi yake maji yakitoka, akapika ugali katika kambi ya wazamiaji miaka minne, akaja kuwa mwalimu, na akaenda Florida, Marekani, mara mbili kwa sababu ya mapango. Mara ya kwanza nilirudishwa kwenye geti la hifadhi. Nitafika huko.

Kwanza nimjibu kijana. Kadi ya kwanza ya uzamiaji inakupeleka mita 18. Advansi inakupeleka 30. Zote mbili zinahesabu kwenda chini, na zote mbili zimejengwa juu ya jambo moja ambalo hakuna anayelitaja kwa sauti: ukipata shida, juu yako kuna maji matupu mpaka kwenye hewa. Unaweza kupanda. Ukishakuwa na dari kichwani, kadi zote mbili zimenyamaza. Mita 3 zenye dari ni mahali pengine kabisa, na mita 11 zenye dari na kona ni mahali pengine zaidi. Kosa lake lilikuwa dari.

Baraza na chumba

Wenye kazi hii huko nje wanagawa pango mara mbili, na mgawanyo huo ndio msingi wa kila sheria utakayoikuta getini. Mimi huwaeleza vijana kwa nyumba zetu za Mikindani. Ukikaa barazani unauona mtaa. Ukiingia ukumbini bado mwanga wa mlango unakufikia. Ukipinda kwenda chumba cha uani, mlango huuoni tena, na taa ikizimika unapapasa ukuta.

Kaveni ni baraza na ukumbi: sehemu ya pango ambamo mwanga wa jua unaonekana muda wote na njia ya kutoka iko mbele ya macho yako. Pango lenyewe linaanzia pale mwanga unapokatika. Ndiyo maana kaveni haipo usiku. Shimo lilelile uliloingia saa sita mchana kwa kadi ya kaveni, jua likizama limekuwa pango, na kadi yako haina kazi tena. Watu hucheka nikisema hivi, lakini mtihani nilioufanya ulikuwa na swali hilo, na nusu ya darasa walikosa.

Mwanga peke yake hautoshi. Kuna vipimo. Kwa vyama vingi vya Marekani vinavyotoa kadi hizi, mzamiaji wa kaveni hazidi mita 30 za kina, wala mita 60 kutoka juu ya maji ukijumlisha kushuka na kuingia. PADI, kimoja cha vyama vya kutoa kadi, wao wanabana zaidi: jumla mita 40. Maana yake ukishuka mita 15 hadi mdomo wa pango, umebakiwa na mita 25 za kuingia ndani, basi. Hupiti mahali penye wembamba ambapo wawili hawawezi kupita pamoja. Hubaki chini hadi ukalazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni mwilini. Tundu la Msimbati, kwa vipimo hivyo, kijana alikuwa sawa kwenye mita zote, akavunja lile la kwanza, la mwanga, pale alipopinda kona.

Ngazi za kadi

Baada ya advansi inakuja kadi ya kaveni. Kwa PADI uwe na miaka 18. Kozi ni siku chache na mizamo minne, na wengi wanaishia hapo kwa furaha. Mimi nasema hiyo ndiyo kadi bora kuliko zote kwa mtu wa kazi yetu, hata kama hutaingia pango maisha yako yote, kwa sababu inakufundisha kuelea bila kugusa kitu na kupiga mapezi kama chura badala ya kuyachapa juu chini. Wageni wangu wote wanaochafua maji kwenye matumbawe ya Ghuba ya Mnazi wangepona kwa kozi hiyo moja.

Juu yake iko kadi ya utangulizi wa pango. Hapa mwanga unauacha nyuma, ila unabaki kwenye kamba kuu moja tu, ile iliyotandazwa pangoni kukuonyesha njia ya kutoka. Huruhusiwi kuunganisha kamba yako kwenda njia ya pembeni, na hewa ya kuingilia imebanwa: ukiwa na mitungi pacha mgongoni unatumia sehemu moja ya sita. Halafu ndipo kadi ya pango kamili, ambayo inakuruhusu theluthi ya hewa na njia za pembeni. Vyama ni vingi: NSS-CDS ambayo imekuwepo tangu 1973, TDI, IANTD, GUE, PADI, na majina ya ngazi yanatofautiana kidogo. Usibabaishwe na majina. Ukiona kozi, uliza mambo mawili: mwanga unaachwa au hauachwi, na njia za pembeni zinaruhusiwa au haziruhusiwi. Hapo utajua umeshika ngazi gani.

Jambo moja linaloumiza: kadi ya udaivumasta, yaani ya kuongoza wazamiaji, na hata ya ualimu wa bahari ya wazi haikusogezi hatua moja kwenye ngazi hizi. Mimi nilifika Florida nikiwa mwalimu, nina mizamo zaidi ya elfu, na nilikaa darasani pamoja na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa na mizamo 40. Kwenye midomo ya mapango mengi kule kuna bango lenye picha ya kifo amevaa joho, ameshika mundu. Maandishi yake yanasema zaidi ya wazamiaji 300 wamekufa katika mapango kama hilo, na yanataja waziwazi kuwa walimu wa uzamiaji wamo. Nililisoma nikiwa kwenye maji, nikajiona nimeitwa kwa jina.

Kwa nini Florida

Unaweza kuuliza kwa nini mtu wa Mtwara aende mbali hivyo. Sababu ni maji na ni sheria. Kaskazini ya Florida yote imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, na chemchemi zake nyingi ziko ndani ya hifadhi za jimbo, yaani mali ya umma: unalipa kiingilio kidogo, unaingia, na askari wa hifadhi anakuuliza kadi. Hifadhi ya Peacock Springs, ambayo sasa ina jina la Wes Skiles, mpiga picha na mzamiaji aliyefariki 2010, ina zaidi ya kilomita 8 za njia za chini ya maji zilizopimwa. Shimo moja pale, Orange Grove, limefunikwa juu na majani madogo ya kijani hadi unadhani ni uwanja. Unatawanya kwa mkono, unazama, na chini yake maji ni meupe ajabu.

Meksiko nako ni kuzuri, na kuna tofauti unayopaswa kuijua. Kule Yucatán mtu mwenye kadi ya kwanza tu anaweza kuingizwa kaveni na kiongozi. Si kwamba sheria ni legevu: kiongozi lazima awe na kadi ya pango kamili, huchukua wageni wasiozidi 4, na hawatoki kwenye kamba ya kudumu iliyowekwa kwenye eneo la mwanga. Hapo unasafiria kadi ya mwenzako. Florida hakuna kusafiria. Kila mmoja anaonyesha yake.

Australia, kwenye mashimo ya Mount Gambier, walipoteza watu kadhaa miaka ya mwanzo ya 1970, wakaunda chama chao, CDAA, mwaka 1973, na hadi leo kwenye mashimo mengi ya pale kadi za chama hicho ndizo zinazotazamwa. Kadi yako ya Florida haikupi moja kwa moja nafasi kule. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, andikia hifadhi yenyewe uulize wanakubali kadi ya chama gani. Barua pepe ni bure.

Getini

Sasa aibu yangu. Safari ya kwanza nilimaliza kozi ya kaveni, nikapata mwenzangu wa kuzamia, Mmarekani mpole mwenye kadi ya pango kamili. Tukaenda hifadhi fulani. Mimi kadi yangu mpya ilikuwa kwenye simu, kwenye programu ya chama. Simu ikazima chaji. Askari akaniambia kwa upole wote kwamba bila kadi mimi ni mwogeleaji, karibu nioge. Nikabaki juu nimevaa suti, natazama mapovu ya watu wengine.

Basi, hivi ndivyo ilivyo getini. Unajiandikisha kwa jina kabla ya kuingia majini. Unaonyesha kadi yenyewe, si cheti cha ukutani na si picha uliyopiga na mwalimu. Beba ya plastiki hata kama una ya simu. Unasaini fomu ya kukubali hatari. Huzamii peke yako. Hata kama una kadi zote duniani, hapana. Saa ya mwisho ya kuwa nje ya maji imebandikwa, na wanaihesabu kwa jua, kwa hiyo majira ya baridi siku yako ni fupi. Ukiwa mwanafunzi unaingia na mwalimu wako, na yeye ndiye anayeonyesha kadi yake ya ualimu wa pango.

Na kuna kanuni ambayo wengi hawaielewi hadi wakwame: kundi zima linazamia kwa kadi ya chini kuliko zote. Wewe una pango kamili, mwenzako ana kaveni, basi leo ninyi wote ni watu wa kaveni. Mnageukia mwanga. Kijana akaniuliza kama haiwezekani mwenye kadi kubwa aingie ndani kidogo na kumwacha mwenzake barazani. Nikamuuliza yeye atakuwa anazamia na nani huko ndani.

Ipo moja iliyonifurahisha kuliko zote. Kwenye baadhi ya chemchemi za Florida, mzamiaji asiye na kadi ya kaveni wala ya pango haruhusiwi kushuka na tochi. Ukifika nayo, inabaki juu. Mara ya kwanza nilidhani ni uonevu. Halafu nikaelewa akili yake: mtu asiye na tochi anaishia pale giza linapoanza, kwa woga wake mwenyewe, bila askari wala uzio. Ukimpa tochi ya dukani atajiona ana macho. Pango la Msimbati kijana aliingia kwa sababu kamera yake ilikuwa na taa.

Hesabu ya hewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanafeli kozi na hapa ndipo watu wanafia.

Sheria inaitwa theluthi. Theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya tatu si yako. Hiyo ni ya mwenzako, siku mtungi wake ukifeli mkiwa mwisho kabisa wa safari, mahali pabaya kuliko pote. Baharini tumezoea kupanda na baa 50 (baa ni kipimo cha msukumo wa hewa mtungini). Mtu wa bahari akisikia theluthi anadhani ni akiba ya starehe. Siyo. Ikitokea ajali mwishoni mwa njia, mtatumia yote na mtatoka bila ziada.

Mfano. Una baa 200. Shusha hadi namba inayogawanyika kwa 3 bila kusumbua kichwa: 180. Gawa, unapata 60. Toa 60 kwenye 200. Unageuka kwenye 140. Wa kwanza kufikia namba yake anatoa ishara, wote wanageuka, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ishara ya kugeuka haijadiliwi chini ya maji wala haisutwi juu ya maji.

Sasa weka mitungi tofauti, kama tunavyofanya huku kusini ambako unavaa mtungi uliopatikana. Mimi nina wa lita 12, mwenzangu wa lita 15, sote tuna baa 200. Theluthi yangu ni baa 60, mara lita 12 za mtungi, yaani lita 720 za hewa. Yeye akitumia baa 60 zake amevuta lita 900 kuingia, na atahitaji lita 900 kutoka. Mtungi wake ukifeli pale, mimi nimemwekea lita ngapi? 720 za theluthi, maana zile baa 20 tulizoziacha kando mwanzoni hatuzihesabu. Hazitoshi. Kwa hiyo mwenye mtungi mkubwa anashushwa kwa kipimo cha mdogo: lita 720 ugawe kwa 15, ni baa 48. Anageuka kwenye 152. Sisi tunaandika 155 kwenye kibao ili macho yasome haraka. Ndiyo, anatoka na hewa nyingi ambayo hakuitumia. Hewa hiyo ndiyo kadi yenyewe.

Theluthi pia ina mashaka yake. Chemchemi za Florida nyingi zinasukuma maji kutoka, kwa hiyo kuingia ni kupanda mlima na kutoka unachukuliwa. Lakini yapo mashimo yanayovuta maji kwenda ndani. Huko unaingia kama umepakiwa kwenye bajaji na unarudi kwa miguu, na theluthi inakuwa ndogo. Mwalimu wangu alitukataza kabisa tusiingie ya namna hiyo kwa ngazi yetu. Bibi yangu alikuwa na msemo wa mabaharia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye jahazi hiyo ni kweli, utazunguka na mwisho utarudi pale pale. Nilimpigia simu kutoka Florida nikamwambia nimepata mahali ambapo marejeo hayana uhakika. Akasema, "Basi ondoka hapo, mwanangu."

Sheria hizi hazikutoka ofisini. Sheck Exley, kijana wa Florida aliyeanza kuzamia mapangoni angali shuleni, alikaa akachambua ajali moja moja: huyu alikufaje, yule alikosa nini. Mwaka 1979 akachapisha kijitabu kidogo, na sababu zilizokuwa zinajirudia ndizo zimekuwa mafunzo ya kila kozi hadi leo: kuzamia bila mafunzo ya pango, kukosa kamba inayofika mpaka maji ya wazi, kutotunza theluthi za hewa, kwenda kina kupita kiasi, kukosa taa tatu. Exley mwenyewe alifariki Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Meksiko, akijaribu kina kinachozidi mita 300. Alikuwa na miaka 45. Darasani kwetu mmoja alitaka kulitumia hilo kama hoja kwamba sheria hazina maana. Mwalimu akamwonyesha ile ya kina kwenye ubao.

Vifaa vitakavyokaguliwa

Sitavieleza vyote. Taa tatu kwa kila mtu, kuu moja na za akiba mbili, na ukibakiwa na mbili safari imekwisha. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia kamba. Kisu kidogo au mkasi unaofikika kwa mikono yote miwili, maana kamba inayokuokoa ndiyo hiyo hiyo inayokunasa. Snokeli, ule mrija wa kupumulia juu ya maji, unaiacha garini, inanasa kamba. Kwa pango, regyuleta moja, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni, ina mpira mrefu wa mita 2, ili mwenye hewa na asiye na hewa wapite mahali pembamba mmoja nyuma ya mwingine. Vishale vidogo vya plastiki vya kubana kwenye kamba, ncha yake ikielekea mlango wa karibu zaidi. Suti nzito. Maji ya chemchemi yana nyuzi 22 hivi mwaka mzima, na mtu aliyezoea Msimbati ataanza kutetemeka dakika ya 25. Mimi nilitetemeka dakika ya 20. Meno yalikuwa yanagonga kwenye kidomo hadi mwalimu akadhani natoa ishara.

Kabla ya kutoka nyumbani

Jaza fomu ya afya mapema na uipeleke kwa daktari aisaini; sikio lililowahi kutoboka au pumu ya utotoni vikijulikana kule, umepoteza nauli. Kata bima ya wazamiaji, kama ya DAN. Omba viza miezi mingi kabla, na kwenye usaili Dar es Salaam beba barua ya shule ya uzamiaji inayotaja kozi na tarehe. Panga siku ya kurudi usipande ndege kabla ya saa 18 tangu mzamo wa mwisho. Mimi naacha siku nzima.

Usinunue rili na taa za bei kabla ya kozi. Nilinunua, na mwalimu alivitazama kama mtu anavyotazama samaki wa jana.

Na usifanye mazoezi ya pango katika pango. Huku kwetu majaribu yapo. Miamba ya Ghuba ya Mnazi ina matundu, na kule Kilwa, milima ya Matumbi, kuna mapango makubwa ya chokaa ambamo watu walijificha wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wazee wa Kimatumbi wana taratibu zao za kuyaingia, na mtu anayetaka kuyaona awafuate wao, kwa miguu na kwa ruhusa. Kuna vijana wamenitania twende tukazamie vidimbwi vya huko. Nani atatufuata tusipotoka? Mtwara hakuna timu ya uokoaji wa pangoni. Kule Florida wapo watu waliofunzwa, na hata hao mara nyingi kazi yao ni kutoa miili.

Kumbuka pia kwamba Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ni hifadhi. Stakabadhi ya kiingilio inakuruhusu kuwepo. Haikugeuzi kuwa mzamiaji wa pango, na haikupi ruhusa ya kufunga kamba ya rili kwenye matumbawe. Mazoezi ya kamba yafanye kwenye mchanga, ufunge kwenye mawe mafu au vyuma ulivyokuja navyo, na uondoke navyo.

Kuelea ndio mazoezi ya kwanza. Nenda mita 5, mahali pa mchanga mweupe, jiweke sentimita 30 juu yake, kaa dakika 10 bila kupiga mikono. Mchanga usisimke. Kijana wangu alipojaribu mara ya kwanza alichafua maji ndani ya dakika moja, akaja juu akisema ni mkondo. Hakukuwa na mkondo, ilikuwa maji mafu.

Halafu kamba. Hii hufanyika nchi kavu, na ndivyo hata Florida wanavyoanza, kwenye miti. Sisi tuna minazi. Unafunga kamba kwenye mnazi wa kwanza, hiyo ni ya maji ya wazi. Unafunga ya pili hatua chache ndani, ili ya kwanza ikikatika bado uko salama. Unaizungusha minazi sita au saba, kimo cha kiuno, unapinda kona, unaipitisha chini ya gogo. Kisha unafunga macho kwa kitambaa na unarudi, vidole vimeifunga kamba kama pete bila kuivuta. Ukiivuta imelegea na imeingia kwenye ufa ambao mwili hauingii. Mwenzako anakushika mkono juu ya kiwiko. Kusukuma maana yake nenda, kuvuta maana yake rudi, kubana maana yake simama. Hakuna kusema.

Tumeanza mwezi huu, kila Jumamosi baada ya alasiri, nyuma ya nyumba ya marehemu baba. Watoto wa mtaa wanakuja kutazama. Siku ya kwanza kijana alipigwa na mnazi usoni mara mbili na watoto wakaangua kicheko, jirani akatoka kuuliza kama shangazi amepagawa. Jumamosi iliyopita nilimwondolea kamba mkononi bila kumwambia, nikamzungusha mara tatu, nikamwacha aitafute. Mtu akipoteza kamba hakimbii hovyo. Anasimama, anafunga kamba yake ya akiba pale alipo, anatoka nayo akipapasa upande mmoja, akikosa anarudi nayo, anajaribu mwingine. Ilimchukua dakika 14. Alipoigusa aliishika kwa mikono yote miwili, jambo ambalo ni kosa, na nikamwambia ni kosa, na tukaanza tena.